Vidonge Juani

4 Machi

Chiriku wangu,

Pokea marahaba ya mapema, maana shikamoo yako huwa inachelewa njiani. Mimi ni mzima. Baba yako alipita hapa wiki iliyopita, akala, akalala kitini, akaamka na kuniuliza kama bado hatujala. Ndiye kaka niliyepewa, sina wa kumrudishia. Anasema mtoto wako ameota meno mawili na anamuuma kila anayembeba. Mwacheni aume, meno yenyewe si ndiyo kazi yake.

Kazi ipo. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona magauni ya wanakwaya, yote rangi ya zambarau, mpaka ugali machoni pangu nao umekuwa zambarau. Cherehani haina neno. Linaloniudhi ni vitambaa vya siku hizi. Nguo zangu mwenyewe, nilizozikata na kuzishona kwa mikono hii, zinavutika. Gauni langu la bluu, lile la mkanda, lilikuwa linaishia chini kidogo ya goti. Sasa mbele linanipiga miguuni, nyuma limepanda kama la msichana anayetafuta maneno. Nimelifumua pindo nikalishona upya, mwezi haujaisha yamerudi yale yale. Magauni manne, ugonjwa mmoja. Nilikwenda kumsema muuza vitambaa dukani kwake hadi akanuna. Wewe msomi, uliwahi kusikia kitambaa kinachovutika mbele tu?

Mgongo unanisumbua kidogo, ni kuinamia cherehani. Dawa ya kuchua ninayo.

Uliniambia utakuja Aprili. Aprili usije. Nyumba inapakwa rangi na harufu yake haimfai mtoto. Tutapanga siku nyingine.

Alhamisi nakusikia redioni kwenye kipindi chako cha afya. Mke wa fundi saa, jirani wa ng'ambo ya barabara, huifungulia redio yake mtaa mzima na kunipigia kelele dirishani, "Mwanao huyo, anaongea!" Mimi najifanya nilikuwa nimesahau kama leo ni Alhamisi.

Shangazi yako,
Twiga

19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hii imefika kwa wakati, usiseme. Sisi ni wazima. Mtoto sasa ana meno matatu na baba yake ana alama begani. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unavaa viatu vyenye kisigino kwenda sokoni ili watu wakuangalie kutoka chini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, Shangazi, ya pili sikucheka. Kitambaa hakina kosa. Gauni likishuka mbele na kupanda nyuma, aliyebadilika ni aliyelivaa. Hapa kliniki nawaona kina mama wengi wa umri wako, uti wa mgongo unainama taratibu kwa sababu mifupa imepungukiwa na kalsiamu, na wao wenyewe ni wa mwisho kujua. Tafadhali nenda hospitali wakupige picha ya mgongo. Usichue. Usingoje.

Nakutumia vidonge vya kalsiamu na gari la vifurushi, linaondoka sasa hivi na mimi natakiwa studio, kwa hiyo naandika mbio mbio. Kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Usivimeze vyote kwa mpigo, mwili haupokei kingi kwa wakati mmoja. Punguza chumvi, chumvi inaitoa kalsiamu kwa mkojo. Na jua, Shangazi, jua! Vidonge bila jua ni kazi bure. Nusu saa kila asubuhi, ndipo umeze.

Maelezo marefu nitakupa nikitulia. Na rangi hiyo inapakwa na nani, mpaka imchukue mwezi mzima?

Wako,
Chiriku

15 Aprili

Chiriku wangu,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa hivyo hivyo mlivyo, wazima na wenye kelele. Mwambie mama yako viatu vyenye kisigino nimevipumzisha. Wanakwaya wamechukua magauni yao, wakayalalamikia, wakayalipia, wakayavaa. Kazi imekwenda kama kawaida ya kazi.

Vidonge vimefika. Ahsante, umenikumbuka. Mengine uliyoandika juu ya aliyelivaa gauni nimeyasoma, umejua kumwambia mtu mzima amefupika bila kulitaja neno lenyewe. Redio imekufunza. Hospitali nitakwenda mikono ikipata nafasi.

Masharti nayafuata. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na chakula. Chumvi nimepunguza mpaka mboga zangu zimekuwa kama za mgonjwa. Na jua halikosi hata siku moja, nusu saa kamili kwa saa ya ukutani.

Ila nina swali. Vidonge vinapauka, na vya pembeni ya sinia vinaanza kumomonyoka. Navigeuza geuza ili vipate jua pande zote, lakini naona kama ndiyo naviharibu zaidi. Juzi kunguru alitua dirishani akachukua viwili, sijui kwao nani anaumwa mgongo. Je, nivifunike kwa kitambaa chepesi, au nikifunika jua litashindwa kupenya?

Mei nayo si nzuri kuja. Nina wageni.

Shangazi yako,
Twiga

2 Mei

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo. Tuko wazima wote, na mimi mbavu zinaniuma. Nimecheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na sabuni masikioni kuuliza kuna nini. Shangazi yangu, wa kuanikwa si vidonge. Ni wewe!

Kosa ni langu, niliandika kama mtu anayefukuzwa. Sikiliza sasa. Kalsiamu ukiimeza inafika tumboni, lakini tumbo haliwezi kuipokea vizuri kama mwilini hamna vitamini D. Sehemu kubwa inapita tu na kutoka ilivyoingia. Hiyo vitamini D mwili wako unaitengeneza wenyewe, kwenye ngozi, ngozi ikipigwa na jua. Kwa hiyo toa kiti nje ya mlango, kunja mikono ya gauni, kaa hapo jua likupate mikono na miguu. Dirishani nyuma ya kioo haitoshi, kioo kinazuia kile kinachotakiwa. Ngozi nyeusi kama zetu zinahitaji muda zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo usiharakishe kurudi ndani. Halafu tembea. Nenda dukani, zunguka mtaa, panda ngazi ukiziona. Mfupa usipobebeshwa uzito unaona hauna kazi, unaachia hata ile kalsiamu kidogo uliyo nayo. Wewe uliyekuwa unatembea mjini kama mji ni wako, hilo halitakushinda.

Maziwa, samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao, mboga za majani, vyote vizuri. Sinia rudisha jikoni. Kunguru mwachie, huyo ameshapona.

Wageni wakiondoka niambie.

Chiriku wako anayecheka

20 Mei

Binti wa kaka yangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa na wateja wawili ndani, mmoja nampima kiuno, tepu iko mkononi. Redio ya mke wa fundi saa ikafunguliwa kama kawaida. Akapiga kelele, "Mwanao huyo!" Nikasema nyamazeni kidogo, tumsikilize mwanangu.

Ukasema, "Kuna shangazi mmoja, simtaji jina, aliambiwa vidonge vinahitaji jua." Na mtangazaji wako akaanza kucheka kabla hujamaliza, maana wewe mwenyewe sauti ilikuwa inacheka. Ukasimulia sinia. Ukasimulia kuvigeuza. Kunguru ukamwongezea na wenzake, mimi nilikuandikia kunguru mmoja. Mteja niliyekuwa nampima akacheka mpaka tepu ikaniponyoka. Halafu akageuka, akaliona sinia langu pale dirishani, na vidonge juu yake. Akaacha kucheka. Ningependa angeendelea.

Ng'ambo ya barabara mke wa fundi saa akaizima redio. Tangu tuwe majirani hajawahi kuizima ukiwa unaongea. Sinia lile linaonekana na kila anayepita mtaa huu. Hukunitaja jina, ni kweli. Hakukuwa na haja.

Nataka ujue jambo moja. Sikuwa mjinga kwa muda mrefu kama ulivyowaambia watu. Wiki ya kwanza nilikosea kweli, nilisoma ulichoandika nikafanya nilichosoma. Wiki ya pili ulieleza redioni habari ya ngozi na jua, nikaelewa vizuri kabisa. Nikaendelea kuanika vidonge. Nilikuandikia jua halikosi, na halikukosa, lilikuwa kwenye sinia. Kwa nini niliendelea, hilo ni langu.

Usije Juni.

Shangazi yako

28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ni mzima, sisi pia.

Sina pa kuuweka uso wangu. Nilipokuandikia tarehe mbili nilikuwa tayari nimepanga kulisimulia kwenye kipindi, na sikukuambia, kwa sababu nilijua ungekataa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilijua. Mtangazaji huwa ananiambia vipindi vyangu vina kalsiamu nyingi na sukari kidogo. Nikampa sukari, nikakutumia wewe.

Nilitaka kuomba radhi hewani Alhamisi iliyofuata. Nikaona kwamba ningekuwa nimekutangaza mara ya pili, nikaacha. Nakuomba radhi hapa, kwenye karatasi, ambapo hakuna anayenipigia makofi.

Niandikie hata kama ni matusi.

Mwanao

25 Juni

Shangazi, shikamoo.

Naandika tena kwa sababu ya kwanza haikujibiwa. Baba anasema alipita kwako akagonga, ukamjibu kupitia mlangoni kwamba una mafua makali, asiingie akayabeba. Anasema pazia zote zilikuwa zimefungwa mchana kweupe. Baba ameamini mafua. Mimi sikuamini, lakini sikumwambia kitu, kwa sababu angeniuliza kwa nini.

Nakuomba neno moja tu.

Mwanao

14 Julai

Mwanangu,

Usishtuke mwandiko. Ni mkono wa kushoto. Wa kulia umo kwenye plasta, nimevunjika kifundo cha mkono. Nilikuwa napita chumba cha kazi, pazia zimefungwa, nikajikwaa kwenye waya wa pasi. Nikauweka mkono chini nisiangukie uso. Sikuanguka kwa kishindo. Mtoto wako angeanguka vile angeinuka akicheka. Mimi nilisikia mfupa ukisema.

Mke wa fundi saa ndiye aliyenipeleka. Nilimpigia kelele kupitia dirishani, yeye aliyezoea kunipigia mimi.

Mkono wa kushoto unaandika taratibu mno, mtu hawezi kupamba maneno. Kwa hiyo nitakuambia.

Ile siku nilipokwenda kumsema muuza vitambaa, kabla ya barua yangu ya Machi, nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Duka lake limebadilisha mlango, wameweka kioo kikubwa. Nikaona bibi mmoja anakuja mbele yangu, amepinda, kichwa kimetangulia mwili, gauni limemning'inia mbele. Nikasogea pembeni nimpishe. Naye akasogea. Nikasema pita mama, pita tu. Muuza vitambaa alikuwa ndani ananitazama.

Nikaingia nikamgombeza juu ya vitambaa vyake. Nilifanya nini kingine?

Nilipokuandikia habari ya kitambaa kinachovutika, nilikuwa nimeshajua, mwanangu. Nilitaka uniambie ndiyo, vitambaa vya siku hizi vibaya. Tangu siku ile sijatoka mchana. Vitambaa naletewa, chakula naletewa, wateja wanaingia wananikuta nimekaa kwenye cherehani, na aliyekaa kwenye cherehani lazima ainame, hakuna anayejua. Rangi haikupakwa. Wageni hawakuwepo. Watu wa mji huu walikuwa wanakuja kushonesha kwangu kwa sababu waliniona barabarani nimevaa nilichoshona. Nilikuwa nikisimama mlangoni nguo inajiuza. Sasa ningekaa nje nusu saa kila siku na kibiongo changu, mchana, mtaa mzima ukipita? Ulipoeleza redioni kwamba anayetakiwa juani ni mtu, nililia. Nikachukua sinia.

Nilichukia kuchekwa kama mjinga. Lakini nilipopata nafuu ya hasira nikaona kwamba ujinga ulikuwa unanisitiri. Afadhali wadhani sijui kusoma kuliko kuniona.

Daktari amepiga picha na mgongo pia. Mifupa miwili ya mgongo imebonyea, anasema si leo wala jana. Damu imeonyesha vitamini D iko chini kabisa. Vidonge vyako vyote vile, mwanangu, vilipita tu. Amenipa dawa na amesema nitembee. Kinachofuata kuvunjika, anasema, ni nyonga, na wa nyonga wengi hawasimami tena.

Sijamwambia nitatembea.

Shangazi yako

30 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto ametembea hatua mbili, akakaa, akajipigia makofi. Mume wangu anakupa pole. Mama alilia. Baba nimemweleza habari ya mkono, mengine sijamweleza, ni yako kuyasema au kuyaacha.

Nimeisoma barua yako kazini, nikafunga mlango. Foleni ya watu nje wananisubiri niwafundishe mifupa.

Na mimi nikuambie. Uliposema nyumba inapakwa rangi, nilijua si kweli. Rangi gani ya mwezi mzima, nilikuandikia hivyo kama utani. Lakini moyoni nilishukuru. Aprili nilikuwa na semina, Mei nilikuwa na kipindi cha ziada, na kila uliposema usije nilisema haya, amekataa mwenyewe. Mwanamke akija kliniki akaniambia hatoki nje, swali langu la kwanza ni kwa nini. Ni kazi yangu, nimesomea kuuliza. Wewe sikukuuliza. Nilikutumia vidonge kwenye boksi na sentensi tatu za mbio. Hata vitamini D ya vidonge ipo, Shangazi, ningeweza kuitia kwenye boksi lile lile tangu Machi. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu jua linatosha, kwa sababu redioni linapendeza kulisema.

Alhamisi naona aibu hata kukishika kile kipaza sauti. Naongea, lakini namsikia mke wa fundi saa akiizima redio.

Dawa aliyokupa daktari ni hiyo hiyo vitamini D, pamoja na kalsiamu nyingine. Hiyo usiache, hata ukijisikia vizuri. Kwa hiyo vitamini D kwenye damu yako itapanda hata usipokaa nje, sitakudanganya ili nikutoe. Lakini mifupa haitapata nguvu kwenye kiti. Kalsiamu inayoingia inahitaji mwili uuambie mfupa kwamba bado una kazi ya kubeba, na njia ya kuuambia ni kusimama na kutembea. Hilo halipo kwenye boksi lolote ninaloweza kutuma. Mgongo uliokwisha kubonyea hautanyooka, sitakudanganya na hilo pia. Nyonga bado iko nzima. Naitaka nyonga hiyo, Shangazi. Nimekaa naiombea kama mtu.

Anza chumbani, pazia zikiwa wazi usijikwae. Waya wa pasi upitishe ukutani.

Nitakuja siku utakayoniambia. Nisipoambiwa sitakuja, sitakuvamia ndani kwako. Lakini safari hii nauliza. Kwa nini nisije?

Mwanao

26 Agosti

Mwanangu,

Pokea salamu zangu za mkono wa kulia. Plasta imetolewa juzi, mkono umetoka mwembamba na una magamba kama wa mtu mwingine, lakini mkasi unaushika. Mpe mtoto pongezi ya hatua mbili, mwambie bibi yake, shangazi wa mama yake, naye alianza na mbili.

Umeniuliza kwa nini usije. Nimekaa na swali hilo wiki tatu, maana jibu lake nililijua.

Nilianza na pazia. Halafu chumba hadi chumba. Halafu asubuhi moja nikafungua mlango, nikatoka, nikafika kwenye ukuta wa jirani, nikarudi. Moyo ulinienda mbio kama wa mwizi. Siku ya pili nikafika kona. Nitakuambia ukweli, aibu haikuniacha nyumbani, nilitembea nayo. Watu wananisalimu kwa sauti kubwa kuliko zamani, kana kwamba nimekuwa na masikio mabaya pia. Wengine wanatazama uso wangu kwa nguvu, macho yasije yakateleza yakaenda mgongoni. Naona wanavyojitahidi. Muuza vitambaa alitoka hadi nje kunishika mkono kwenye ngazi, nikamwambia aniache, kisha nikamwambia anishike.

Redio ya mke wa fundi saa inafunguliwa tena. Nilimwomba mimi.

Sasa Jumatatu. Nilikuwa nimetoa kiti nje ya mlango, mikono ya gauni nimeikunja kama ulivyosema, nimekaa juani na nguo ya mtu nachoma sindano. Akaja mwanamke kijana, kitambaa kizuri mkononi, viatu virefu. Akaangalia namba ya mlango, akanitazama, akaangalia tena namba.

Akasema, "Shikamoo bibi. Samahani, kulikuwa na fundi hapa, mama mmoja mrefu, amesimama wima sana, ananishonea tangu niko shule. Amehamia wapi?"

Nilimshonea sare yake ya kwanza, Chiriku. Nilimjua alipokuwa bado kwenye kona. Ng'ambo ya barabara mke wa fundi saa alikuwa anafagia, akaacha kufagia.

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Amehama. Lingekuwa rahisi, na yule mwanamke angekwenda na picha yake nzuri, na mimi ningebaki barabarani mtu mzima mmoja asiyejulikana. Nililitaka sana neno hilo. Sijui kama nimewahi kutaka kitu vile.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akanitazama. Nikaona anatafuta, uso kwanza, kisha mikono, akanipata. Macho yakamjaa maji, akaanza kuomba radhi, hakuwa na pa kuangalia. Tulikuwa pale barabarani tunaoneana aibu, yeye yake na mimi yangu, hakuna aliyejua nani aanze kuondoka.

Nikasema, "Lete mabega nikupime."

Nikasimama, tepu mkononi. Sikumfikia. Yeye na viatu vile, mimi na mgongo huu, mkono wangu uliishia kwenye kwapa lake. Zamani nilikuwa nampima kwa kumtazama kutoka juu. Nikabaki nimenyoosha mkono mbele ya mtaa mzima.

Alivua viatu, akakaa kwenye kiti changu, akanipa mgongo, akanyoosha mabega. Nikampima pale pale nje, taratibu, sikuharakisha.

Njoo Septemba, mwanangu. Njoo mchana.

Shangazi yako